Mlima Uliosikia Nusu ya Mazungumzo

Mwaka 1904 kilitoka Berlin kitabu kinene kuhusu Wamasai. Mwandishi wake hakuwa profesa. Alikuwa Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyeongoza kituo cha kijeshi cha Moshi. Katika jalada lenyewe aliwatangaza Wamasai kuwa kabila la Kisemiti la Afrika Mashariki. Ndani akasimulia habari za Maitumbe na Naiterogob, mume na mke wa kwanza, na za Tumbainot, mtu mwema aliyeokoka gharika ndani ya safina. Akahitimisha kwamba Wamasai na Waebrania wa kale walitoka katika shina moja. Watafiti waliokuja baadaye hawakuyakuta masimulizi hayo, na wengi walishuku kwamba yalikuwa mwangwi wa mafundisho ya wamisionari. Nadharia ile ikafifia.

Namna ya kutazama iliyoizaa haijafifia. Merker alipokuwa akiwatafuta Waebrania kwenye mbuga zinazouzunguka Kilimanjaro, Wayahudi zaidi ya laki tano walikuwa wakiishi kwao Ujerumani. Walikuwa madaktari, wafanyabiashara, mafundi, walimu. Miongoni mwao walikuwamo wanazuoni wakubwa waliokuwa wakiandika, tena kwa Kijerumani, kuhusu Biblia ileile. Kama alitaka kujua Myahudi anasemaje juu ya Nuhu, angeweza kumuuliza. Lakini Mwebrania aliyemvutia alikuwa yule wa kale, asiye na sauti, ambaye mtu anaweza kumpachikia neno lolote.

Nasema hivi kwa sababu naamini Ukristo wetu wa mlimani, wa Kilutheri na wa Kikatoliki, ulipokea urithi huo na haujauchunguza. Tunamjua sana Myahudi wa kitabuni. Tunamjua Ibrahimu kuliko tunavyowajua mababu zetu wenyewe. Ila Myahudi aliyeendelea kuishi, kusali, kusoma na kubishana kwa miaka elfu mbili baada ya kurasa za Biblia kufungwa, huyo hatukutambulishwa kwake. Kwa hiyo, tukimtaja mimbarani, mara nyingi tunamsingizia.

Tuanzie Leipzig, maana ndiko kanisa la Kilutheri la hapa lilikotoka. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Machame. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameshatangulia Kilema. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1890, Leipzig ilikuwa imemzika Franz Delitzsch, profesa wa Kilutheri aliyeijua fasihi ya marabi kama Wakristo wachache wa zama zake. Delitzsch alilifasiri Agano Jipya kwa Kiebrania, tafsiri iliyotoka mwaka 1877, na mwaka 1886 akaanzisha mjini humo taasisi ya kuwafunza Wakristo elimu ya Kiyahudi. Mwanateolojia Mkatoliki, August Rohling, alipochapisha kitabu cha kuitukana Talmudi, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi, na kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi, Delitzsch alisimama hadharani na kuonyesha kwamba mtu yule alikuwa akipotosha maandiko. Heshima hiyo anastahili.

Hata hivyo alikuwa na mpaka wake. Shabaha ya kazi yake yote ilikuwa kuwaleta Wayahudi kwa Kristo, na palipotokea Myahudi aliyetaka kumfundisha Mkristo jambo juu ya Kristo, mlango ulifungwa. Myahudi huyo alikuwa Abraham Geiger, rabi aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1810. Geiger alikuwa mmoja wa wakuu wa harakati iliyoanza Berlin mwaka 1819, pale Leopold Zunz na wenzake vijana walipoamua kuichunguza historia ya Wayahudi kwa mbinu za chuo kikuu. Hawakuifanya kazi hiyo kwa anasa. Vyuo vikuu vya Ujerumani havikuwa tayari kuwapa uprofesa bila ubatizo, na katika vyuo hivyohivyo wanateolojia wa Kikristo walikuwa wakiielezea dini ya Kiyahudi kama gamba kavu, dini iliyokufa siku Kanisa lilipozaliwa. Zunz na Geiger walikuwa wakisoma maelezo juu yao wenyewe yaliyoandikwa kama maelezo ya marehemu.

Jibu la Geiger lilikuwa la ujasiri mkubwa. Aliwageukia Mafarisayo, wale ambao kila Mkristo alijua kuwa ni wanafiki, akasema kwamba walikuwa chama cha watu wa kawaida. Masadukayo walikuwa ukoo wa makuhani na wakubwa walioushika utakatifu hekaluni. Mafarisayo, kwa maelezo yake, waliutoa utakatifu huo hekaluni wakauleta mezani kwa mkulima na fundi, ili kila nyumba iwe na heshima ya madhabahu. Kisha katika mihadhara yake ya miaka ya 1860 akasema lililowachoma wengi: Yesu mwenyewe alikuwa Farisayo, aliyetembea katika njia ya mwalimu Hillel. Delitzsch, rafiki wa Wayahudi, aliandika kitabu kizima mwaka 1866 cha kulinganisha Yesu na Hillel ili kumpinga. Wengine hawakujisumbua hata kupinga.

Geiger alizidisha mahali pengine, na wanazuoni wa Kiyahudi wa leo ndio wa kwanza kusema hivyo. Jambo la kudumu alilolifanya ni kugeuza upande wa macho. Kwa karne nyingi Mkristo alimtazama Myahudi na kumweleza. Sasa Myahudi alimtazama Mkristo, akamweleza, na akamwambia kwamba baadhi ya vitu anavyoviita vyake ni mali ya familia nyingine.

Mtu wa Kilimanjaro anapaswa kuielewa hali hiyo bila kufundishwa. Sisi nasi tuliandikwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika mwaka 1902 na kuishi muda mrefu Kidia, Old Moshi, aliandika juu ya sheria na mafundisho ya Wachagga mabuku ambayo hata leo hakuna anayeweza kuyapita. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alitoa mwaka 1924 kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake, na humo akarekodi hadithi za Ruwa, yaani Mungu kwa Kichagga, za kiazi kikuu kilichokatazwa na za gharika, hadithi zilizowafanya wasomaji wa Ulaya waitikie kichwa na kusema wanaisikia Mwanzo. Ni kazi za thamani. Lakini ndani yake Mchagga mara nyingi anapimwa kwa jinsi anavyofanana na Israeli ya kale au alivyokuwa akiingojea Injili bila kujua. Anakuwa utangulizi wa habari za mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo nawaheshimu sana watu wawili. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliandika katika miaka ya 1910 historia za wamangi, watawala wa Kichagga, kwa mkono wake, na madaftari yake yakawa hazina kwa Wazungu waliokuja kuandika baada yake. Petro Itosi Marealle naye alichapisha mwaka 1947 Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kwa Kiswahili, akieleza ndoa, mazishi, kihamba (shamba la ukoo) na ahera kama mtu anayeeleza nyumba yake. Anayekisoma kitabu hicho baada ya Gutmann anasikia tofauti ya sauti mara moja. Ni tofauti ileile anayoisikia mtu anayemsoma Geiger baada ya kuwasoma maprofesa wa Kikristo waliomwandika. Sijui kwa nini shule zetu za teolojia, zinazojua vema uchungu wa kuelezwa na wengine, hazijauona undugu huu.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini mazungumzo yalikaribia kutokea. Adolf von Harnack, mwanateolojia mashuhuri kuliko wote Ujerumani, alichapisha mwaka 1900 mihadhara yake juu ya kiini cha Ukristo, na humo dini ya Kiyahudi ikawa tena kivuli cha kumfanya Yesu ang'ae. Rabi kijana, Leo Baeck, alimkosoa, na mwaka 1905 akatoa kitabu chake juu ya kiini cha dini ya Kiyahudi. Hakukuwa na jibu la maana kutoka upande wa pili. Miaka mingi baadaye, mwaka 1962, mwanazuoni Gershom Scholem aliandika kwa uchungu kwamba mazungumzo kati ya Wajerumani na Wayahudi hayakuwahi kuwapo, kwa kuwa upande mmoja tu ndio uliokuwa ukisema. Nimelisoma shtaka hilo mara nyingi na sijapata la kulipunguzia uzito.

Mwaka 1938 unastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka huo Gutmann aliondoka Kilimanjaro na kurudi Ujerumani. Mwaka huohuo Martin Buber aliondoka Heppenheim na kuhamia Yerusalemu. Mmoja alikuwa Mlutheri wa Kidia, mwingine mwanafalsafa wa Kiyahudi, lakini katika miaka ileile ya 1920 wote wawili waliandika, kwa lugha moja, kwamba mtu hawi mtu akiwa peke yake. Gutmann aliliona hilo katika ukoo, ujirani na rika la Wachagga. Buber aliliona katika tendo la mtu kumgeukia mwenzake na kumwita wewe. Buber alifariki mwaka 1965, Gutmann 1966. Natamani wangaliketi pamoja kwa siku nzima. Huenda Buber angemuuliza Gutmann swali alilolihitaji: je, undugu wa damu na ardhi unamfanyia nini mgeni aliyezaliwa nje yake? Fikra ya taifa kama mpango wa Mungu katika uumbaji, aliyoipenda Gutmann, huko Ujerumani ilitumiwa na wengine kuwatoa kanisani hata Wayahudi waliobatizwa.

Mwaka 1938 pia Leo Baeck alichapisha Berlin kitabu kinachozisoma Injili kama waraka wa historia ya imani ya Kiyahudi. Mnazi yuko madarakani, masinagogi yanakaribia kuchomwa, na rabi anaandika kuwakumbusha Wakristo kwamba kitabu chao kilizaliwa nyumbani kwake. Novemba ya mwaka huo sinagogi kuu la Leipzig liliteketezwa. Mwaka 1939 wanateolojia wa Kiprotestanti walifungua Eisenach taasisi ya kufuta athari za Kiyahudi katika maisha ya kanisa la Ujerumani, wakajitahidi kumfanya Yesu asiwe Myahudi. Lazar Gulkowitsch, aliyefundisha elimu ya Talmudi katika Chuo Kikuu cha Leipzig tangu 1924, alikuwa amefukuzwa mwaka 1933. Alikimbilia Tartu, Estonia, na mwaka 1941 akauawa na Wanazi. Jina lake linafaa kujulikana na kila anayesoma teolojia katika kanisa lililotoka Leipzig.

Baada ya vita makanisa yaliamka. Jules Isaac, mwanahistoria Myahudi wa Ufaransa ambaye mke na binti yake waliuawa, alimwendea Papa Yohane wa 23 mwaka 1960 akiwa mzee, akamwomba Kanisa lichunguze mafundisho yake ya dharau. Rabi Abraham Joshua Heschel alifuatilia kwa barua na safari. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa tamko la Nostra Aetate, lililokataa kuwabebesha Wayahudi wote, wa zamani na wa sasa, hatia ya kifo cha Yesu. Kardinali wetu Laurean Rugambwa alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo.

Walutheri walichelewa zaidi, kwa kuwa mzigo wao ulikuwa maandishi ya Luther mwenyewe, hasa kitabu chake cha mwaka 1543 kilichotaka masinagogi yachomwe moto. Mwaka 1983 wajumbe wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walikutana na wawakilishi wa Wayahudi mjini Stockholm, na Walutheri wakatamka kwamba maneno hayo ya Luther hawawezi kuyakubali. Mwaka uliofuata matamko hayo yalifika mbele ya mkutano mkuu wa Budapest. Rais wa Fungamano katika kipindi hicho chote, tangu 1977 hadi 1984, alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Kanisa la Kilutheri lilipokiri hadharani dhambi hiyo ya baba yake wa imani, aliyekaa kwenye kiti cha mbele alikuwa Mtanzania. Sijasikia hata mara moja jambo hilo likitajwa katika sherehe zetu za Matengenezo.

Basi tujiulize hali ilivyo katika sharika na parokia zetu. Chukua mfano wa Msamaria mwema, Luka 10, ambao hakuna mtoto wa kipaimara asiyeujua. Karibu kila mahubiri niliyoyasikia hueleza kwamba kuhani na Mlawi walimpita majeruhi kwa kuogopa unajisi wa maiti, na hapo mhubiri huishutumu sheria ya Kiyahudi kwa ukatili. Amy-Jill Levine, mwanamke wa Kiyahudi anayefundisha Agano Jipya Marekani, aliuchambua mfano huu katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu mifano ya Yesu. Luka anasema kuhani alikuwa akishuka, yaani anatoka Yerusalemu, haendi hekaluni. Mlawi hakukatazwa kugusa maiti. Na Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, inajadili kuhani mkuu akikuta maiti isiyo na wa kuizika njiani, na inamtaka aizike. Sheria ile ilikuwa upande wa majeruhi. Wawili wale waliivunja. Mfano haupungui nguvu kwa kusomwa hivyo. Unakuwa mkali zaidi, maana sasa unamhusu mtu yeyote anayejua wajibu wake na bado anaupita.

Amri ya kumpenda jirani nayo wengi hudhani ilianza na Yesu. Imo katika Walawi 19. Mwalimu Hillel, aliyeishi kabla ya Yesu kuanza kuhubiri, anasimuliwa katika Talmudi akimjibu mtu aliyetaka afundishwe Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja: lile unalolichukia usimtendee mwenzako, mengine yote ni maelezo, nenda ukajifunze. Hiyo ndiyo aina ya Farisayo tunayemchora kama adui wa rehema. Marabi hao walihifadhi hata maoni ya walioshindwa katika mjadala, yakaandikwa pamoja na maoni ya walioshinda, ili vizazi vijavyo viweze kuyarudia. Kwa nchi inayojifunza kutofautiana bila kukatana, sioni urithi ulio bora zaidi wa kuuchungulia.

Najua pingamizi litakaloletwa kwanza. Watu watasema huu ni wakati gani wa kuzungumzia Wayahudi, na Gaza iko katika habari za kila siku? Suala hilo si la mbali nasi. Vijana wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, na kilio cha msiba huo kilifika hadi mkoani kwetu. Wapalestina nao wamezikwa maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana nasisitiza. Mhubiri asiyemjua Myahudi yeyote nje ya Biblia huyapokea mambo haya kwa njia mbili mbaya: ama anaibariki kila hatua ya serikali ya Israel kana kwamba Yoshua ndiye waziri mkuu, ama anawalaani Wayahudi wote duniani kwa maneno yaliyokopwa Ulaya ya kale. Anayewasoma wanazuoni wa Kiyahudi hugundua haraka kwamba wao kwa wao wanatofautiana vikali kuhusu taifa hilo. Buber mwenyewe alitetea nchi moja ya mataifa mawili, Wayahudi na Waarabu.

Pingamizi la pili ni la imani, na hilo nalichukulia kwa uzito wa pekee. Myahudi hakubali kwamba Yesu ni Masihi. Je, mwanafunzi wa seminari akimsoma hatayumba? Jacob Neusner, rabi wa Marekani, aliandika mwaka 1993 kitabu ambamo anajiweka miongoni mwa waliosikiliza Hotuba ya Mlimani, anamheshimu mhubiri, na mwishoni anaeleza kwa nini asingemfuata. Papa Benedikto wa 16 alikijadili kwa kurasa nyingi katika kitabu chake juu ya Yesu wa Nazareti cha mwaka 2007, akasema kilimsaidia. Imani yake haikuyumba, wala Neusner hakubatizwa. Wapo pia Wayahudi wasioutaka mjadala wa namna hii. Rabi Joseph Soloveitchik aliandika mwaka 1964 kwamba undani wa imani haujadiliwi na mtu wa nje, na kwamba dini zishirikiane katika mambo ya jamii. Msimamo huo nao ufundishwe, kwa sababu unamzuia Mkristo asidhani kwamba mwenzake yupo kwa ajili ya kumkamilishia somo lake.

Ninaloliomba linaweza kufanyika. Chuo cha Kilutheri cha Makumira kinafundisha wachungaji tangu 1954. Moshi tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge, tuna Seminari Kuu ya Kibosho, tuna chuo kikuu kishiriki kinachobeba jina la Askofu Stefano Moshi. Kila kimoja kinaweza kuweka rafu moja ya vitabu vya Kiyahudi juu ya Injili, vikiwamo vya Geza Vermes na lile Agano Jipya lenye maelezo ya wanazuoni wa Kiyahudi lililohaririwa na Levine na Marc Zvi Brettler mwaka 2011. Kinaweza kumfanya mwanafunzi asihitimu bila kuwasoma. Na viwili vikishirikiana, kimoja cha Kilutheri na kimoja cha Kikatoliki, vinaweza kugharimia tafsiri ya Kiswahili ya kitabu kimoja, maana mwinjilisti wa Rombo au katekista wa Kilema hatasoma Kiingereza cha wanazuoni, na yeye ndiye anayehubiri.

Tena mwalimu hahitaji kutoka ng'ambo. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, aliyekuwa mkuu wa vita na Mkristo, alipoisoma Torati mwenyewe na kuamua kuishika. Hakuna Mzungu aliyemwambia kwamba yeye ni Mwebrania aliyepotea. Walidumu hata Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao. Rabi wao Gershom Sizomu alihitimu masomo ya urabi Los Angeles mwaka 2008. Mwafrika Mashariki aliyeisoma Talmudi, anayejua ndizi, mvua za masika na matanga ya kwetu, akikaa wiki moja na wachungaji na mapadre mjini Moshi, waanze na Luka 10. Kila mmoja wao ameshaihubiri, na kila mmoja ataihubiri tena.